Kauntabo au kauntasinki: kuchagua tundu na vipimo vya kuzamisha kichwa cha bolti

Ukitaka kichwa cha bolti kisichomoze juu ya ubao au sahani ya chuma, zipo njia mbili. Unaweza kupanua mdomo wa tundu kwa mteremko ili kichwa chenye umbo la koni kikae humo. Hiyo ni kauntasinki. Au unachimba juu ya tundu la kwanza tundu la pili, pana zaidi, lenye mhimili uleule na sakafu bapa, kichwa kikae chini kwenye sakafu hiyo. Hiyo ni kauntabo.

Ukishachagua njia, linakuja suala la vipimo. Mafundi wengi hupima kichwa cha bolti, wakaongeza kidogo, wakatoboa. Mara nyingi inatosha, lakini si mara zote, kwa sababu kichwa si lazima kiwe ndicho kitu kipana kuliko vyote kitakachoingia humo. Kuna washa, ile pete ya chuma inayokaa chini ya kichwa. Kuna boksi la spana. Tundu lipimwe kwa kile kipana zaidi, hata kama kitaingia siku ya kufungua tu.

Kauntasinki inashinda kwenye bamba jembamba

Chukua bolti ya M8, yaani yenye mwili wa kipenyo cha milimita 8. Kichwa chake cha kauntasinki kina kimo cha karibu milimita 5, kwa hiyo sahani ya milimita 6 inakibeba. Bolti ya alen (yenye kichwa cha duara na tundu la ufunguo la pembe sita ndani yake) ya kawaida ya M8 ina kichwa chenye kimo cha milimita 8 kamili (kwa bolti hizi kimo cha kichwa ni sawa na kipenyo cha bolti: M6 ni 6, M10 ni 10). Ukizamisha milimita 8 na ushee, kisha ukabakisha sakafu ya maana chini yake, sahani inatakiwa iwe ya milimita 13 au zaidi. Kwa bamba la milimita 6 au 8 mjadala umekwisha: ni kauntasinki, au uache kichwa juu.

Katikati yake ipo alen ya kichwa kifupi, ambayo kwa M8 ina kimo cha milimita 5 na upana uleule wa 13. Inafaa kwenye sahani ya milimita 10, ila tundu lake la ufunguo ni la 5, si la 6, na ni la kina kifupi. Usiikaze kwa nguvu zile unazotumia kwenye alen ya kawaida.

Udhaifu huohuo wa ufunguo uko kwenye kauntasinki: M6 inafunguliwa kwa ufunguo wa 4 na M8 kwa ufunguo wa 5, wakati alen za kawaida za ukubwa huo zinatumia 5 na 6. Aliyewahi kufungua kauntasinki iliyokaa miaka na kutu anajua pembe za tundu lile zinavyolika haraka. Kwa kitu kitakachofunguliwa mara kwa mara, kama kifuniko cha mashine au kishikio cha kisu cha randa, mimi nachagua kauntabo bila kusita.

Tofauti ya pili huonekana siku ya kuunganisha. Kichwa cha koni hujiweka katikati chenyewe. Ukiwa na bolti moja hilo ni jambo zuri. Ukiwa na nne, kila moja inataka tundu lake liwe mahali pake hasa, kwa kuwa koni haina nafasi ya kusogea. Tundu moja likihama nusu milimita, kichwa kinakaa upande mmoja na bolti inapinda kidogo shingoni. Kauntabo inakusamehe, maana kichwa bapa kinaweza kuteleza juu ya sakafu kabla hujakaza. Anayepiga alama kwa rula na senta panchi, kisha akatoboa kwa drili ya mkono, atapata shida ndogo zaidi na kauntabo.

Kauntasinki ina mtego mwingine wa pembe. Bolti za milimita zina koni ya digrii 90. Za inchi kutoka Marekani zina 82. Ukichanganya, kichwa kinagusa kwa mstari mwembamba tu badala ya kukaa uso kwa uso.

Alen au kichwa cha pembe sita?

Ukiamua kauntabo, amua sasa ni bolti gani inaingia humo, kwa sababu hapa ndipo kipenyo kinapobadilika sana.

Alen inafunguliwa kwa ndani. Ufunguo unaingia kwenye kichwa, kwa hiyo pembeni mwa kichwa hapahitajiki chochote zaidi ya nafasi ndogo ya kupita. M8 ina kichwa cha milimita 13, na tundu la 14 au 15 linatosha.

Bolti ya pembe sita ya M8 nayo ina upana wa 13 kati ya bapa na bapa, na karibu 14.4 kati ya pembe na pembe. Ukitoboa 15 kichwa kinaingia vizuri. Halafu boksi la spana halipiti. Boksi la 13 lina unene wa ukuta wake, na kwa nje mara nyingi linafika milimita 18 hivi. La 17, linalotumika kwa bolti nyingi za M10, hukaribia 24. Ukuta wa boksi hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, kwa hiyo chukua venia (kipimo cha taya cha kupimia vipenyo) upime boksi lako mwenyewe, tena upime lile nene zaidi ulilonalo. Ongeza milimita 2. Hicho ndicho kipenyo.

Kwa hiyo kwa bolti ya M8 ileile, alen inataka tundu la 15 na pembe sita inataka la 20. Kwenye ukingo wa sahani au mguu mwembamba wa meza, tofauti hiyo ya milimita 5 inaweza kukulia nyama yote iliyobaki. Kwenye chuma na alumini, bolti ya pembe sita ndani ya kauntabo ni chaguo la mtu aliyekosa alen dukani. Kwenye mbao mambo ni tofauti, nitayafikia.

Tundu la chini: la kubana, la wastani, la kulegea

Kauntabo ina matundu mawili, na lile jembamba linalopitisha mwili wa bolti lina vipimo vyake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 273 kinatoa madaraja matatu. Hapa chini nimeyaweka pamoja na kipenyo cha kichwa cha alen na cha kauntabo, vyote kwa milimita. Safu ya mwisho ina namba mbili pale ambapo majedwali ya Kijapani na ya Kijerumani yanatofautiana.

| Bolti | Kubana | Wastani | Kulegea | Kichwa cha alen | Kauntabo |
|---|---|---|---|---|---|
| M4 | 4.3 | 4.5 | 4.8 | 7 | 8 |
| M5 | 5.3 | 5.5 | 5.8 | 8.5 | 9.5 au 10 |
| M6 | 6.4 | 6.6 | 7 | 10 | 11 |
| M8 | 8.4 | 9 | 10 | 13 | 14 au 15 |
| M10 | 10.5 | 11 | 12 | 16 | 17.5 au 18 |
| M12 | 13 | 13.5 | 14.5 | 18 | 20 |

Daraja la wastani ndilo la kila siku. Nalipendekeza kwa yeyote asiye na sababu ya kufanya vingine.

La kubana linavutia kwa sababu linaonekana la kifundi zaidi, lakini lina sharti ambalo watu hulisahau. Chini ya kichwa cha alen, pale shingo inapoungana na kichwa, kona si kali. Ina mviringo mdogo. Kwa M8 mviringo huo unaweza kufika kipenyo cha 9.2. Ukitoboa 8.4 na kuacha ukingo wake mkali, kichwa kitakalia mviringo badala ya sakafu. Bolti itaonekana imekaza, na baada ya muda wa mtikisiko italegea. Kwa hiyo ukichagua la kubana, vunja ukingo wa tundu la chini kidogo kwa biti ya kauntasinki kabla ya kufunga. Hata kwenye 9 ni vizuri kugusa kidogo.

La kulegea nalo linakugharimu sehemu nyingine. Kichwa cha M8 cha milimita 13 kikikalia tundu la 8.4, eneo linalobeba mzigo ni milimita za mraba 77 hivi. Kwenye tundu la 9 linabaki 69. Kwenye 10 linashuka hadi 54. Umepoteza karibu theluthi ya eneo kwa milimita moja na nusu ya nafasi. Kwenye chuma laini haidhuru sana. Kwenye alumini, bolti ya 8.8 (hili ni daraja la nguvu ya chuma cha bolti, si la tundu) ikikazwa kwa nguvu yake ya kawaida inasukuma kwa karibu kilonewtoni 16. Gawa kwa 54 utapata shinikizo la karibu megapaskali 295, ambalo aloi nyingi za alumini hazilivumilii. Kichwa kinazama, na mkazo unapotea.

Kuna jambo jingine la kulegea ambalo majedwali hayasemi waziwazi. Nafasi ya kichwa ndani ya kauntabo isiwe ndogo kuliko nafasi ya mwili ndani ya tundu la chini. M8 kwenye tundu la 10 inaweza kucheza milimita 2. Ukiwa na kauntabo ya 14, kichwa kinacheza milimita 1 tu, kisha kinagonga ukuta. Uhuru ulioutafuta kule chini umeuzuia huku juu. Kwa daraja la kulegea chukua 15, au hata 16.

Washa haiingii

Hapa mafundi wengi hushtuka. Kauntabo za jedwali lile zimepimwa kwa kichwa kitupu. Washa bapa ya kawaida ya M6 ina upana wa 12, na tundu ni 11. Ya M8 ni 16 dhidi ya 15. Ya M10 ni 20 dhidi ya 18. Washa ya springi ya kawaida nayo: ya M6 ni 11.8, ya M10 ni 18.1, zote zinagoma. Ya M8, yenye 14.8, inaingia kwenye 15 kwa kusukumwa na kwenye 14 haiingii kabisa.

Zipo washa za springi nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya kukaa chini ya kichwa cha alen. Ya M8 ina 12.7, chini kidogo ya upana wa kichwa. Si kila duka linazo. Kama huzipati, una njia mbili: panua kauntabo kwa kufuata washa, au acha washa utumie gundi ya nyuzi, ile inayopakwa kwenye mzunguko wa bolti isilegee. Kwenye chuma mimi naacha washa. Sakafu ya kauntabo iliyochimbwa sawasawa inafanya kazi ya washa bapa yenyewe.

Kina

Kina ni kimo cha kichwa na ziada ndogo: M6 chimba 6.5, M8 chimba 8.6, M10 chimba 10.8. Kama juu yake kitateleza kitu kingine, ongeza nusu milimita. Kuzidi hapo hakuna faida. Kila milimita unayoongeza inaondoka kwenye sakafu, na sakafu ndiyo inayobeba bolti. Kipimo changu ni sakafu isiyopungua nusu ya kipenyo cha bolti kwenye chuma, na kipenyo kizima kwenye alumini.

Kina pia kinabadilisha urefu wa bolti. Sahani ya 20 yenye kauntabo ya 9 inabaki na 11. Kama unaingia kwenye nyuzi za alumini, unataka M8 izame milimita 12 hadi 16, kwa hiyo bolti ya 25 inafaa: 11 ndani ya sahani, 14 ndani ya nyuzi. Ya 30 itataka tundu la nyuzi lenye kina cha 19, na kama tundu ni fupi bolti itagonga chini kabla haijakaza chochote.

Kifaa ulicho nacho

Kikata kauntabo chenye kidole cha kuongoza ndicho bora kwa drili ya kusimama. Kidole kinaingia kwenye tundu la chini na meno yanachimba katikati yake bila kuhama. Ila kidole hicho kimeshakuamulia daraja: kikata cha M8 chenye kidole cha 8.4 kitayumba ndani ya tundu la 9, na chenye kidole cha 9 hakitaingia kwenye 8.4. Tazama namba zilizochongwa shingoni kabla ya kulipa. Kiendeshe polepole, nusu au theluthi ya kasi ya drili ya kipenyo hicho. Kwa kipenyo cha 15 kwenye chuma laini, mizunguko 200 hivi kwa dakika, na mafuta.

Endimili, kikata chenye meno ubavuni na chini, kwenye mashine ya kusaga chuma inatoa sakafu safi kuliko vyote na inakupa kipenyo chochote. Kwenye drili ya kawaida, endimili inarukaruka, usijaribu.

Kisha kuna njia ya mitaani: drili ya 15 ya kawaida inanolewa ncha yake ikawa bapa kwenye grainda. Inafanya kazi, na sakafu yake inatosha kwa geti, fremu ya mashine ya kusaga nafaka, au kishikio cha injini. Anza na drili yenye ncha ya kawaida ya 15 ipunguze kwa juu, kisha maliza na ile bapa. Ila makali mawili yakitofautiana urefu, tundu litakuwa pana kuliko drili na sakafu itakuwa na kilima. Jaribu kwenye kipande cha taka, weka bolti, tazama kama kichwa kinakaa bila kuyumba. Drili yenye ncha ya kawaida peke yake haifai, kwani inaacha sakafu ya mteremko na kichwa bapa kinakalia ukingo tu.

Kwenye mbao, anza na washa

Mbao hubadilisha hesabu yote, kwa sababu nyuzi zake zikibanwa kwa ubavu huzama mapema sana kuliko chuma chochote. Kichwa kitupu cha alen kitajichimbia shimo lake mwenyewe. Kwa hiyo washa pana ni lazima: ya M8 ina upana wa 24 na inabeba karibu milimita za mraba 390, zaidi ya mara tano ya kichwa kitupu. Ya M10 ina upana wa 30.

Na kwa kuwa washa tayari imeshapanua tundu, hoja dhidi ya bolti ya pembe sita inakufa. Tundu la kumeza washa ya 30 linameza na boksi la 17 lenye 24 bila shida. Bolti ya pembe sita ni rahisi kupatikana na inakazwa vizuri; kwenye benchi ya kazi, kitanda au fremu ya paa, hiyo ndiyo naichagua. Kwa M8 tumia biti ya Forstner (biti ya mbao inayochimba tundu pana lenye sakafu bapa) ya 25 au 26. Kwa M10, ile ya 35 inayochimbia bawaba za kabati, ambayo fundi kabati tayari anayo kwenye boksi lake, inatosha na kuzidi.

Mpangilio wa kazi hugeuka. Kikata chenye kidole kinataka tundu jembamba litangulie. Forstner na biti bapa zinaongozwa na ncha ya katikati, kwa hiyo tundu pana linatangulia, kisha drili nyembamba inafuata alama iliyoachwa na ncha. Ukishatoboa jembamba kwanza, Forstner haina pa kushika. Tiba yake ni kugongomea kipande cha mti kwenye tundu, au kubana juu yake ubao uliotobolewa tayari kwa kipenyo hichohicho uwe mwongozo.

Kina kwa mbao ya mbili kwa nne: kichwa cha M10 ni 6.4, washa pana 2.5, jumla 8.9. Chimba 10. Upande wa nati, nati ni 8, washa 2.5, na nyuzi chache za kuchomoza, chimba 15. Tundu la katikati liwe la daraja la kulegea, 12, kwa kuwa mbao inavimba masika na kusinyaa kiangazi. Ukitaka upande mmoja usichimbwe kabisa, bolti ya kichwa cha mviringo yenye shingo ya mraba inakaa juu ya ubao na haizunguki.

Kwa meza ya mninga au mkongo iliyoshikwa kwa skrubu, linganisha kauntasinki yenye lipu ya vumbi la mbao na kauntabo yenye kizibo. Lipu ni ya haraka, na baada ya vanishi inaonekana kama doa. Kizibo cha 10 kilichokatwa kwenye ubao uleule, kikaingizwa kwenye tundu la 10 lenye kina cha 8 huku nyuzi zikifuata mwelekeo wa meza, kinapotea machoni. Ila kikishagundishwa, skrubu ile haifunguki tena bila kuharibu kizibo. Kwa sehemu itakayofunguliwa, usitie gundi.

Kwa kazi ya nje, hasa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ambako hewa ina chumvi, kauntabo inayotazama juu ni kikombe cha maji. Kwenye benchi za bustani weka bolti kwa ubavu au kutokea chini. Isipowezekana, kauntasinki ya chuma kisichoshika kutu inakusanya maji machache zaidi.

Onyo la inchi

Madukani bolti za inchi na za milimita hukaa droo moja. Bolti ya 5/16 ina kipenyo cha 7.94, ambayo kwa macho ni M8. Lakini kichwa chake cha alen ni milimita 11.9 dhidi ya 13, na kikata chake cha 17/32 ni sawa na 13.5. M8 itaingia humo na kubakiwa na robo milimita tu kila upande. Kwenye tundu la chini la 9, kichwa kitagonga ukuta kabla ya mwili. Kwa robo inchi kauntabo ni 7/16, kwa 3/8 ni 5/8, kwa nusu inchi ni 13/16. Pima nyuzi za bolti kwa geji kabla ya kuchagua kikata.